Mifupa Myeupe ya Madam

Madam aliwagawa wanakemia wote wa dunia hii mafungu mawili, na mimi nilikuwa katika fungu baya. Fungu zuri lilikuwa la kemia halisi: watu wanaotaka kujua kitu kimeundwaje na kwa nini kinatenda kinavyotenda, basi, wakishajua wanalala usingizi. Fungu baya lilikuwa la kemia ya matumizi: watu wanaouliza, sasa hii tutaifanyia nini? Mimi nilipomaliza chuo nilikwenda kuajiriwa katika kiwanda cha sabuni mjini Kisumu, na tangu siku hiyo hakuniita tena kwa jina langu. Nikawa Bwana Sabuni. Aliniita hivyo mbele ya wanafunzi wake na mbele ya mke wangu. Siku moja kanisani, wakati wa kupeana mikono, aliubana mkono wangu akasema kwa sauti ya darasani, "Amani iwe nawe, Bwana Sabuni," na kwaya nzima ikageuka kutazama.

Namwita Madam kwa sababu ndivyo tulivyomwita wote. Alikuwa na cheo kikubwa kuliko hicho, na kibao cha mlangoni pake pale Chuo Kikuu cha Maseno kilikuwa na herufi nyingi mbele na nyuma ya jina. Lakini kwetu mwalimu wa kike ni Madam tangu chekechea, na yeye alilipenda jina hilo. Alisema uprofesa hutolewa na kamati, na kamati huweza kukosea. Habari za ukoo wake sizijui na sikuwahi kuzitafuta. Aliyemwuliza anatoka wapi alijibiwa, "Maabara," na maongezi yakaishia hapo.

Alikuwa mfupi, miwani yake imefungwa kamba shingoni, koti lake jeupe halina doa. Hilo koti lilitutisha kuliko mitihani. Sisi tulitoka maabara na madoa ya kila rangi, vidole vimeungua, na yeye aliyeshinda humo kutwa alitoka kama aliyekuwa akipiga pasi. Akichukua chupa ya kioo iliyooshwa aliiinua juu dirishani, akaizungusha polepole, na akiona hata alama ya tone moja la maji alikurudishia bila neno. Tulioshindwa kuvumilia tulimbandika kwa minong'ono jina la Bibi Harusi, kwa sababu ya ule weupe. Alijua. Siku ya mwisho wa mwaka alitwambia, "Bibi Harusi anawaaga," na tukatamani sakafu ipasuke.

Siku yangu ya kwanza kugombana naye ilikuwa katika mwaka wa kwanza. Alikuwa ametupa mrututu, ile chumvi ya buluu, tuiyeyushe na kuiacha itulie hadi itengeneze fuwele kubwa. Fuwele ni kazi ya subira; chembe moja hukaa kando ya nyingine, kwa mpangilio uleule, mpaka kinapatikana kipande chenye pembe kali kama kilichokatwa na fundi. Wenzangu walishangilia. Mimi, kwa ujuaji wangu wa kijana wa mtaa wa Manyatta, Kisumu, aliyekulia kwenye biashara ndogondogo, niliinua mkono.

"Madam, sasa hii itatusaidia aje in life?"

Aliweka chaki chini. "Wewe unasaidia nini?"

Darasa likacheka.

"Mama yako akikuona siku ya kwanza aliuliza hiyo swali? Aliangalia tu. Kaa hapo uangalie."

Nilikaa. Wenzangu walikwenda kula, nami nikabaki na kipande changu cha buluu, nimenuna. Sitasema uongo kwamba nilipata ufunuo. Lakini nilipochoka kununa niliona kwamba kila upande ulikuwa umenyooka bila mtu kuunyoosha, na hilo linanisumbua hadi leo. Kwa hiyo alinishika, tena alinishika vizuri, ila sikumpa furaha ya kujua.

Msidhani basi kwamba alikuwa mtu wa mawinguni. Mchungaji wetu alipopata doa la kutu kwenye joho lake, siku chache kabla ya askofu kuja, joho lilipelekwa kimyakimya kwa Madam na likarudi jeupe. Alitumia ndimu, chumvi na jua. Nikamwambia, Madam, hiyo ndiyo kemia ya matumizi. Akanikodolea macho. "Hiyo si kemia. Hiyo ni usafi." Majirani zake walimletea sufuria zilizoungua, nguo zilizoingia rangi, betri za redio zilizovuja. Zote alizitengeneza, na zote alikataa kuziita kazi. Ukimfuatia jikoni ungeshangaa zaidi. Mtu aliyepima unga wa kemikali kwa mizani ya kufungiwa ndani ya kioo asije mtu akaupulizia pumzi, alisonga ugali kwa kukisia, na ugali wake ulikuwa na madonge ya kutosha kumwaibisha mtoto wa darasa la nne. "Jikoni siko kazini," alisema, na kukutazama mpaka umemeza.

Na sabuni yangu aliitumia. Niliikuta bafuni kwake, miche imepangwa kama matofali, chapa ya kiwanda chetu inaonekana waziwazi. Nilirudi sebuleni nimejaa ushindi. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Naichunguza."

Ugomvi wetu ulikuwa mrefu na mtamu. Alipostaafu alihamia Kisumu, kwenye nyumba yenye baraza ambayo kwa mbali, kati ya mapaa mawili, inaonyesha kipande cha ziwa, na Jumapili nyingi nilimtembelea. Mimi nilikuwa na fahari yangu pia. Nilimwambia kwamba yeye kazi yake ni rahisi, maana maabara inampa maji yaliyokwisha kusafishwa na hewa isiyo na vumbi, lakini sisi dunia inatupa ziwa zima, na matope yake. Nilimwambia jinsi mchanganyiko uliokuwa mtiifu ndani ya chupa unavyoweza kupagawa ukiutia kwenye tangi la kiwandani, ukaumuka ukamwagika mpaka getini kwa askari. Yeye alinisikiliza, akanywa chai yake, akasema, "Ni kwa sababu hamkujua ni kitu gani tangu mwanzo. Nyinyi mnaoa kabla ya kujuana." "Mimi situmwi na faida," alipenda kusema. "Faida ikija nitaipisha ipite."

Kitu alichokichunguza yeye, maisha yake yote ya utafiti, kilikuwa mfupa. Si mgonjwa wala mzima, bali lile jiwe lililomo ndani ya mfupa, linaloufanya uwe mgumu. Alitaka kujua chembe zake zimeketije, ipi imekaa kando ya nani, na ipi ikiondoka nani anaweza kukaa mahali pake. Kwa ajili hiyo alihitaji mifupa mingi, na kwa Kisumu mifupa ya bei nafuu ni ya mbuta. Samaki huyo akishatolewa minofu viwandani, kinachobaki ni kichwa na uti wa mgongo, na huo ndio mgongo wazi unaokaangwa na kuuzwa mitaani kwa watu ambao hawafikii minofu. Madam alikuja Manyatta kuununua kwa mfuko mzima, na koti lake jeupe mkononi.

Mama zetu waliokaanga samaki walimhurumia sana. Walijua ni mwalimu wa chuo kikuu, na walichoelewa wao ni kwamba serikali haimlipi. "Yawa, mtu amesoma hivyo na anakula mgongo wazi kila wiki," walisema, wakamwongezea. Mmoja akawa anamfungia na sukuma wiki kando. Madam hakuwaeleza. Aliishika ile nyongeza kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda zake akaila sukuma wiki na kuchoma mifupa. Nilipomwuliza kwa nini asiwaambie ukweli, alisema ukweli huo ungewafanya waache kumpa mboga.

Mifupa aliichoma kwenye tanuri dogo la umeme mpaka ikawa myeupe pe, kama unga wa muhogo, kwa sababu weupe ulimwambia kwamba nyama imekwisha, mafuta yamekwisha, moshi umekwisha, na kilichobaki ni lile jiwe peke yake, fuwele safi, bila mgeni ndani. Iliyotoka kijivu au myeusi aliitupa. Aliitupa kwa hasira hasa, kama mtu anayetupa maziwa yaliyoharibika. Kwenye kabati lake la kioo kulikuwa na mitungi ya mifupa myeupe, na mgeni akiisifu alikaribishwa chai ya pili.

Sasa niingie kwenye jambo la Katito, maana bila hilo nisingeandika.

Mimi nilikuwa nimetoka kiwandani na kufungua chumba kidogo mjini cha kupima maji. Watu waliniletea maji ya visima, ya matangi, ya mito, nami niliwaambia yana nini. Siku moja akaja mama kutoka upande wa Nyakach, karibu na Katito, ana mtungi wa maji mkononi na mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama wanaotunza kisima kirefu cha pampu kilichochimbwa kwenye shule ya msingi ya kwao yeye akiwa bado mtoto. Jina lake la heshima ni Mama Achieng'. Alizungumza ameziba mdomo kwa kiganja, na nilidhani ni haya ya mtu mgeni, mpaka aliposahau na kukishusha kiganja. Meno yake yalikuwa ya kahawia, yana mistari na vishimo.

"Watu wa maji walikuja kupima," akasema. "Wanasema borehole yetu iko na floraidi mob, imezidi sana. Wakirudi baada ya likizo na ipatikane bado haijashuka, wanafunga. Watatoa hiyo pampu kabisa. Na tukirudi mtoni ni typhoid, Bwana. Sisi tutaenda wapi?"

Niliyapima maji yake. Walisema kweli. Floraidi kidogo hukaza meno, lakini ikizidi kwenye maji anayokunywa mtoto kila siku, inaharibu meno ya ukubwani yakiwa bado yanatengenezwa ndani ya taya, hayajaota. Yakiota yameshaharibika, hakuna mswaki wala dawa ya meno itakayoyarudisha. Nilipomweleza, hakulia. Alinionyesha picha kwenye simu: binti yake mkubwa, Achieng', amesimama na wenzake wa kidato cha pili, wote wanacheka ila yeye, midomo ameibana.

"Huyu amechelewa, donge? Si ndiyo?" akaniuliza.

Nikakubali kwamba amechelewa.

"Na huyu?" Akamgeuza mtoto wa mgongoni, Adhiambo, aliyekuwa amelala mdomo wazi, ufizi mtupu.

Nikamwambia huyu meno yake ya ukubwani ndiyo kwanza yanaanza kutengenezwa.

"Basi mimi nataka huyu acheke," akasema Mama Achieng'. "Hiyo tu."

Nilijua mashine za kutoa floraidi zipo, na nilijua pia kwamba kijiji hakina uwezo nazo. Nilikuwa na pipa na mawazo. Kwa hiyo nilifanya nilichofanya siku zote nilipokwama: nilimchukua Mama Achieng' na mtoto wake tukaenda kwa Madam.

Ilianza vibaya. Madam alisikiliza, akavua miwani, akasema, "Pole sana, mama. Lakini mimi ni pure chemist. Mimi si fundi wa mabomba. Huyu Bwana Sabuni ndiye wa hayo." Nilitaka kuinuka. Hasira zilinipanda, na nusura nimwambie maneno ambayo mtu hamwambii mwalimu wake. Ni Mama Achieng' aliyeendelea kukaa. Hakumwomba tena msaada. Alimfunga mtoto vizuri kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za jirani msumbufu:

"Madam, hii floraidi yenyewe, inapenda nini?"

Nikaona uso wa Madam unabadilika. Katika miaka yote ya kufundisha, nadhani alikuwa akingoja mtu aingie aulize swali la namna hiyo: si itatusaidia nini, bali ni kitu gani, na moyo wake uko wapi. Akavaa miwani tena.

"Inapenda mfupa," akasema. "Ndani ya mfupa kuna kiti ya mtu mwingine. Floraidi ikipita hapo inamtoa huyo, inakaa yeye. Na ikikaa haitoki. Hiyo kiti inamtosha kuliko mwenyewe." Chai yake ikapoa. "Na kama inapenda mifupa hivyo," akasema polepole, "si tuipe mifupa mingine, kabla haijafika kwa mtoto?"

Nilipiga meza kwa kiganja. Mtoto akaamka akalia.

Mpango ulikuwa wangu na wake, na tuligombana katika kila kipande. Mimi nilitengeneza pipa: kokoto chini, mifupa iliyochomwa na kupondwa katikati, maji yanaingia juu na kutoka bombani. Mkutano ulifanyika shuleni, na mzee mmoja wa kanisa akasimama na fimbo yake, akauliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo moyoni.

"Hiyo mifupa ni ya nani?"

Mifupa iliyochomwa si jambo la kufanyia mchezo. Kuna watu wakikutwa na vitu kama hivyo wanahama kijiji.

"Ni ya mbuta, Mzee," Madam akajibu.

"Mbuta?" Mzee akakaa. "Sasa si hiyo tumekunywa supu yake maisha yote?" Mkutano ukaisha kwa vicheko.

Akina mama waliteketeza mifupa kwa moto wa wazi, siku nzima, kama Madam alivyotaka, mpaka ikawa myeupe. Alisimama pale na koti lake, akiinua kila kipande kwenye jua, na chochote chenye kijivu akakitupa kwenye majani. Tukajaza pipa. Maji yakatoka maangavu, matamu, kila mtu akayaonja na kusifu. Kisha nikayapima. Floraidi ilikuwa imeshuka kidogo mno, kiasi ambacho ningeona aibu kumtajia mtu.

Nitasema ukweli, nilifurahi. Kijiji kinakaribia kufungiwa maji, na mimi moyoni nashangilia kwamba mifupa myeupe ya kabatini imeanguka mtihani. Nikamwambia, "Madam, karibu duniani."

Nikachukua usukani. Nilidhani moto umezidi, basi nikaupunguza, nikaitoa mifupa mapema, nikajaza pipa kwa majivuno ya mtu wa kiwandani. Safari hii maji yalitoka rangi ya chai ya mkandaa, na harufu yake ilikuwa ya ufukweni siku ambayo barafu ya samaki imeisha. Mama Achieng' alionja kwanza, kama mwenyekiti. Akatema mbali, akafuta ulimi kwa leso.

"Bwana," akaniambia, "hii hata ng'ombe itakushtaki."

Madam hakucheka, ingawa alikuwa na haki yote. Likizo ilikuwa inayoyoma. Tulirudi Kisumu hatuzungumzi, na siku kadhaa hakupokea simu. Nilidhani ameaibika. Kumbe alikuwa amerudi kwenye swali lake: si kwa nini pipa halifanyi kazi, bali kuna nini ndani ya mfupa mweupe. Jumapili nilimkuta barazani, mbele yake kipande cheupe na kipande cheusi, mtu mwenyewe anacheka peke yake mpaka machozi.

"Kaa, Bwana Sabuni. Kaa chini nikwambie ujinga wangu."

Alinieleza, na nitaueleza kama nilivyouelewa. Mfupa ukiwa haujaungua sana, lile jiwe lake limo katika vifuwele vidogo mno, vingi sana, na kila kimoja kina nje yake, na huko nje ndiko kwenye viti ambavyo floraidi inavifikia. Ukiuchoma mpaka mweupe, vifuwele vinaungana, vinakuwa vikubwa, vimenyooka, vizuri vya kutazama. Lakini vimejifunga. Viti vipo, ila viko ndani, na mlango hakuna.

"Mweupe umeshiba," akasema. "Hauna haja na mtu. Ule mchafu ndio una nafasi. Na mimi miaka yote natupa ule mchafu! Jibu nilikuwa nalitupa kwenye majani, na watu wananiangalia!"

Sikumwona akiwa na furaha kama siku hiyo, hata alipopewa kile kibao cha mlangoni. Mtu mwingine angeficha. Yeye alimpigia simu kila mwanafunzi aliyeweza kumpata, awaambie kwamba aliwafundisha vizuri isipokuwa mahali pamoja.

Basi, alijua sasa anachotaka: moto wa kutosha kumaliza nyama, mafuta na harufu, lakini si wa kuvifunga vifuwele, na hewa isiingie, ili mfupa uwe mkaa. Kujua hivyo ni kazi yake. Kuupata moto huo Nyakach, bila tanuri la umeme, ilikuwa yangu, na hapo nilistahili mshahara wangu. Tulichukua mapipa ya chuma yenye vifuniko, tukajaza mifupa, tukaziba ukingo kwa udongo wa mfinyanzi, tukaacha tundu dogo la moshi, tukawasha moto kuzunguka pipa. Moshi wa tunduni ukiisha, tunaondoa kuni. Madam alikaa kando ya moto kwenye kiti cha plastiki. Tulipofungua la kwanza, mifupa ilitoka myeusi tititi. Akapokea kipande kwa mikono yote miwili, masizi yakamwingia kwenye koti kutoka kola hadi mfukoni, na akawa anakiinua kwenye jua akisema, "Angalia hiyo! Hebu angalia hiyo!" kana kwamba sisi hatuna macho.

Watu wa maji walirudi shule zilipofunguliwa. Safari hii alikuwa kijana mmoja mpole mwenye sanduku la vipimo, akatia maji ya bomba letu kwenye kichupa, akasubiri, akasoma. Akamwaga. Akachukua mengine akapima tena. Mama Achieng' alikuwa amemshika mtoto kifuani kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika.

"Nani amewawekea hii kitu?" kijana akauliza.

"Kwani kuna shida?" nikamwuliza.

"Hakuna shida. Iko chini. Iko chini kabisa. Borehole haifungwi."

Vigelegele vya akina mama wale naamini vilifika hadi mji wa Kendu Bay. Walimwinua Madam na kiti chake cha plastiki, wakamzungusha uwanja wa shule, miwani inaning'inia, viatu vinaanguka, naye anapiga kelele kwa sauti yake ya darasani, "Hii ni kemia halisi! Muandike! Ni kemia halisi!" Nami nyuma nikikimbia na kiatu chake kimoja, napayuka kwamba ni pipa langu, jamani, ni pipa langu. Mpaka leo hatujakubaliana. Nimefikiri sana juu ya jambo hilo na ninachoweza kusema ni kwamba yeye asiyejali faida ndiye aliyejua, na mimi niliyejali faida ndiye niliyewasha moto, na mmoja wetu peke yake angewaacha wale watu na maji ya kutema.

Mifupa ikichoka, viti vyake vikijaa floraidi, akina mama huibadilisha wenyewe. Wamefanya hivyo muhula baada ya muhula, bila sisi. Madam amezeeka. Anatembea kwa mkongojo, na kiti cha barazani amekihamishia upande wa jua la asubuhi.

Mwaka huu, siku ya soko, aliniambia nimpeleke Katito. Hakusema kwa nini. Tuliegesha gari kando ya njia panda ya Kendu Bay, tukapita polepole kati ya mafungu ya nyanya na viazi vitamu, mpaka kwenye meza ya dagaa ya Mama Achieng'. Wakasalimiana kwa muda mrefu, mkono kwa mkono. Nyuma ya meza alikuwa amekaa msichana mwembamba anayemenya karanga. Ndiye Adhiambo, sasa mwanafunzi wa darasa la pili.

"Yametoka?" Madam akauliza.

"Yametoka," Mama Achieng' akasema. "Yale ya mbele. Mimi sijasema kitu kwa mtu. Nilisema wewe uone kwanza."

Madam akamkabidhi mkongojo wake mtu wa karibu, ambaye alikuwa mimi, akajiinamisha kwa shida, akashika meza ya dagaa kwa mkono mmoja. Akavaa miwani.

"Nyathina, mtoto wangu, fungua mdomo."

Adhiambo akamtazama mama yake, kisha akafungua. Meno ya utoto ya mbele yalikuwa yameng'oka, na mahali pake, juu, yalikuwa yameota mawili mapya, makubwa kuliko uso wake, kingo bado zina vimeno vidogo kama msumeno. Yalikuwa meupe. Hayakuwa na mstari, hayakuwa na doa wala kishimo.

Madam alimshika kidevu akamgeuza kidogo kwenye mwanga, upande huu, halafu upande ule. Muuza nyanya akaja kutazama. Akaja mwenye baiskeli. Mama Achieng' alikuwa analia waziwazi, anacheka, anamwambia kila anayefika, "Ni wangu huyu, ni wangu." Mimi nilikuwa nimeshika mkongojo na sioni vizuri. Mtoto akachoka, mate yakaanza kumtoka pembeni ya mdomo.

"Madam," akasema bila kufunga, "nifunge sasa?"

"Bado," Madam akasema. "Bado kidogo."